Chanda Chema Kisicho Pete

Wahenga walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Methali hii hupendwa kwa sababu hutuliza moyo. Humwahidi mtenda kazi njema kwamba kazi yake haitakosa jicho la kuiona. Na humwahidi mtazamaji kwamba pete aionayo katika chanda cha mtu imefika hapo kwa haki. Ahadi hizi mbili hazifanani. Ya kwanza ni faraja kwa afanyaye kazi; ya pili ni hukumu juu ya wote wasio na pete. Maana ikiwa kila chanda chema huvikwa pete, basi chanda kilichobaki kitupu hakikuwa chema. Katika insha hii nataka kuipima hukumu hiyo ya pili, na mizani nitakayoitumia ni mchezo wa ngumi.

Msomaji asistaajabu kuona jambo la maadili linatafutwa ulingoni. Mshairi huweza kusifiwa na rafiki zake kuliko astahilivyo, na mtawala huwa na watumishi wa kumwandikia tarikhi yake. Mpigana ngumi hana kificho. Husimama nusu uchi chini ya taa, mbele ya maelfu ya watu, na mwenye kubaki wima hujulikana na wote. Kama iko kazi duniani ambayo ubora wake ungepasa kujieleza wenyewe bila wakili, ni hii. Juu ya hayo, wamo katika mchezo huu watu ambao walipokuwa hai walitetemesha miji, nao leo wamesahauliwa hata na wapenzi wa ngumi wenyewe, ambao hupita juu ya majina yao kama msafiri apitavyo juu ya kaburi lisilo alama. Imekuwaje? Na je, kusahauliwa kwao ni bahati mbaya tu, kama mvua kunyesha siku ya karamu, au ni dhuluma yenye wenyewe?

Nitaanza na mtu mmoja, kwa kuwa katika habari zake zimo karibu sababu zote, na kwa kuwa ni vigumu kuhukumu jambo hili kwa maneno ya jumla.

Sam Langford alizaliwa Weymouth Falls, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, katika miaka ya 1880. Alitoka kwao angali kijana mdogo, akafika Boston katika Marekani hana kitu, akapewa kazi ya kufagia katika nyumba ya ngumi iliyokuwa ya Joe Woodman, ambaye baadaye alikuwa meneja wake. Mwaka 1902 alianza kupigana kwa malipo. Mwezi wa Desemba 1903, akiwa hajatimiza miaka miwili katika kazi hiyo, alimshinda Joe Gans, bingwa wa dunia wa uzito mwepesi na mmoja wa mafundi wakubwa ambao mchezo huu umepata kuwaona. Lakini Langford alikuwa amezidi uzito uliowekwa, kwa hiyo ubingwa haukuwekwa rehani usiku ule; Gans alipoteza pambano akaondoka na taji lake. Mwezi wa Septemba 1904 alikutana na Joe Walcott wa Barbados, bingwa wa uzito wa welta. Baada ya raundi 15 ilitolewa hukumu ya sare, na sare humwachia bingwa mali yake. Basi katika muda usiofika mwaka mmoja kijana huyu aliigusa pete mara mbili, na mara mbili haikuingia chandani.

Mwezi wa Aprili 1906 alipanda ulingoni na Jack Johnson katika mji wa Chelsea, jirani ya Boston. Kimo cha Langford kilikuwa yapata futi 5 na inchi 7. Johnson alikuwa mtu mrefu, naye alimzidi mwenzake kwa karibu ratili 30. Johnson alishinda kwa alama baada ya raundi 15, na alishinda vizuri. Baadaye zilienea hadithi kwamba Langford alimwangusha Johnson siku ile. Hadithi hizo hazina nguvu, na mwenye kuwatetea waliosahauliwa hana haja nazo. Kesi yenye haki haitiwi chumvi. Yaliyofuata yanatosha. Langford aliongezeka mwili na ujuzi. Johnson naye, tarehe 26 Desemba 1908, mjini Sydney, alimshinda Tommy Burns akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Tangu siku hiyo mpaka alipopoteza ubingwa mjini Havana tarehe 5 Aprili 1915, hakukubali tena kusimama ulingoni na Langford.

Hapa ndipo penye fundo, na nataka tulikalie kitako. Ingekuwa rahisi kusema kwamba Langford alinyimwa haki kwa sababu ya rangi yake, kisha tukaweka kalamu chini. Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Johnson mwenyewe alikuwa mtu mweusi. Kwa miaka alikuwa amewafuata mabingwa weupe akiomba nafasi, wakimkataa. Alimfuata Burns mpaka Australia. Hakuna mtu aliyeujua uchungu wa kubisha hodi pasipo kuitikiwa kuliko yeye. Na alipopata kuingia, aliufunga mlango nyuma yake. Katika miaka yote ya ubingwa wake alimpa nafasi mtu mweusi mmoja tu, Jim Johnson, mjini Paris, Desemba 1913, na pambano hilo lilikwisha kwa sare. Langford, Joe Jeannette na Sam McVea walibaki nje.

Sababu zake hazikuwa fumbo. Watazamaji weupe walikuwa tayari kutoa fedha nyingi ili kumwona mzungu akijaribu kumpokonya taji. Kwa kuwaona watu weusi wawili wangetoa kidogo. Pigano la Johnson na Jim Jeffries mjini Reno, tarehe 4 Julai 1910, lilivuta macho ya dunia nzima. Sasa mtu aliye na mali moja, naye anaweza kuiuza kwa bei kubwa katika soko lenye hatari ndogo, kwa nini aipeleke katika soko la hatari kubwa na bei ndogo? Mfanyabiashara yeyote angefanya kama alivyofanya Johnson. Na hilo ndilo linalonisumbua. Dhuluma iliyomzika Langford haikuhitaji mtu mwovu. Ilihitaji tu mpango wa mambo ambao ndani yake kila mtu, hata aliyeonewa, alipata faida kwa kumwepuka.

Tuna methali nyingine isemayo mwenye nguvu mpishe. Kwa desturi huambiwa mnyonge, ili asivunjike mifupa bure. Katika maisha ya Langford ilifuatwa na wakubwa. Walimpisha. Na kupishwa huko kulimdhuru kuliko ngumi zote alizopata kupigwa, kwa sababu mpigana ngumi ni fundi wa ajabu: hawezi kufanya kazi yake peke yake. Seremala aliyenyimwa sifa huweza kutengeneza mlango mzuri akauacha nyuma yake, na watu wa baadaye wakauona. Mpigana ngumi hana mbao ila mtu wa pili. Akinyimwa mtu huyo, amenyimwa kazi yenyewe. Jack Dempsey, aliyekuwa bingwa tangu 1919 mpaka 1926, alikiri baadaye, alipoeleza habari za maisha yake, kwamba yuko mtu mmoja ambaye hakutaka kupigana naye kwa kumwogopa, na mtu huyo ni Sam Langford. Ni ungamo la kiungwana. Lakini lilitolewa wakati ambapo halikumgharimu aliyelitoa kitu wala halikumfaa aliyetajwa. Ni fedha iliyoletwa baada ya soko kufungwa.

Wapiganaji weusi wakubwa, wakiwa wamefungiwa, walipigana wao kwa wao. Langford alikutana na Harry Wills zaidi ya mara 15, na na Jeannette zaidi ya mara 10, na McVea vivyo hivyo mara nyingi, katika Marekani, Ulaya na Australia. Walizunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta, aendaye mchana kutwa asifike popote. Mwaka 1917, akipigana na Fred Fulton mjini Boston, Langford aliumizwa jicho vibaya, na tangu hapo nuru yake ikazidi kupungua. Hakuacha kazi, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Mwezi wa Juni 1922, akiwa karibu kipofu, alimwangusha Tiger Flowers katika raundi ya pili mjini Atlanta. Miaka minne baadaye Flowers huyo alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Msomaji na alipime jambo hili mwenyewe: kipofu alimwangusha mtu ambaye orodha za mabingwa humtaja, na kipofu hatajwi.

Nimesema orodha, na nadhani kwa neno hili tumefika kwenye shina. Kumbukumbu ya wengi katika mchezo wa ngumi ni orodha ya mabingwa, kama tarikhi ya watoto ilivyo orodha ya masultani. Mpenzi wa ngumi huanza na Sullivan, akaja Corbett, kisha Fitzsimmons, Jeffries, mpaka Johnson, Willard, Dempsey na Tunney, kwa pumzi moja. Orodha ni chombo kizuri. Huingia kichwani upesi na haina upande. Lakini ni nani aliyeitunga? Tangu Johnson aliposhindwa mwaka 1915 mpaka Joe Louis alipomshinda James Braddock tarehe 22 Juni 1937, yaani kwa miaka 22, hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyeruhusiwa kugombea ubingwa wa uzito wa juu. Miaka saba ya ubingwa wa Dempsey ni miaka ambayo Harry Wills alikuwa mstari wa mbele wa wagombea. Mikataba ilitiwa sahihi, magazeti yakaandika, na pigano halikufanyika. Basi orodha ile isiyo na upande ni mtoto wa kukataliwa huko. Anayeikariri leo hana chuki na mtu, wala hajui kwamba anachukua upande wowote. Aliyefungiwa mlango mwaka 1910 hufungiwa tena sasa na mtu asiyejua kuwa pana mlango.

Wala Langford hakuwa wa kwanza. Peter Jackson, mzaliwa wa kisiwa cha Saint Croix mwaka 1861, alikuwa bingwa wa Australia mwaka 1886. Alifika Marekani, na tarehe 21 Mei 1891 alipigana na James Corbett mjini San Francisco raundi 61, mpaka wote wawili hawakuweza kuinua mikono na pigano likasimamishwa. Bingwa wa wakati ule, John L. Sullivan, alikuwa ametangaza kwamba hapigani na watu weusi. Mwaka 1892 Sullivan alimpa Corbett nafasi, Corbett akamshinda, akawa bingwa, na jina lake likaingia katika orodha. Watu wawili waliokuwa sawa kabisa kwa raundi 61 walitenganishwa na neno moja la mtu wa tatu. Jackson alifariki kwa ugonjwa wa kifua katika Queensland mwezi wa Julai 1901, akazikwa Brisbane, katika makaburi ya Toowong.

Mtu anaweza kunijibu kwamba nimechagua mifano ya watu weusi peke yao, na kwamba wamo weupe waliosahauliwa, tena mabingwa. Jibu hili ni la haki na lazima nilikabili. Harry Greb wa Pittsburgh alikuwa mzungu. Alipigana mapigano karibu 300. Tarehe 23 Mei 1922 alimshinda Gene Tunney, na huko ndiko kushindwa kwa pekee kwa Tunney katika kazi yake yote ya malipo. Tunney ambaye baadaye alimvua Dempsey ubingwa. Mwaka 1923 Greb alitwaa ubingwa wa uzito wa kati. Nyingi za siku hizo alipigana na jicho moja tu, akilificha lile lililokufa. Alifariki mwezi wa Oktoba 1926, miezi michache baada ya kunyang'anywa ubingwa na Tiger Flowers tuliyemtaja. Wajuzi wa tarikhi ya ngumi humweka katika safu ya mbele kabisa. Mtu wa kawaida hajapata kumsikia. Pete alivikwa. Nini basi kilimponza?

Kwanza, hakuna picha ya senema inayojulikana ya pigano lake lolote. Ziko picha chache za mazoezi tu. Macho ya leo hayana subira na mtu ambaye hayawezi kumtazama. Na hapa tena bahati mbaya ina wazazi. Johnson alipomshinda Jeffries mwaka 1910, picha za pigano lile ziliwakasirisha wengi, na mwaka 1912 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kukataza picha za mapigano ya ngumi kusafirishwa kutoka jimbo hata jimbo. Sheria hiyo haikuondolewa mpaka 1940. Kazi yote ya Greb katika ulingo iliangukia ndani ya kivuli chake. Sitasema kwamba sheria peke yake ndiyo iliyotunyima sura yake, lakini si vigumu kuona ya kwamba biashara iliyopigwa marufuku kuvuka mpaka haina faida ya kumshawishi mtu kugharimia kamera. Sheria iliyotungwa ili kuficha ushindi wa mtu mweusi ilitia giza katika kazi ya mzungu pia. Ndivyo ilivyo tabia ya giza. Haliulizi mtu jina.

Pili, katika majimbo mengi ya wakati ule ilikatazwa kutangaza mshindi ikiwa hakuna aliyeangushwa. Watu waliogopa kamari na hongo. Pigano lilipokwisha na wote wawili wamesimama, daftari liliandikwa pasipo hukumu, na wenye kutaka kujua nani kashinda walisoma magazeti kesho yake, ambayo nayo hayakuafikiana siku zote. Greb na Langford wana mapigano kadha wa kadha ya namna hiyo. Yule atazamaye daftari kwa haraka huona sehemu kubwa ya maisha yao haina alama ya kushinda wala kushindwa, akadhani hapakuwa na jambo.

Kisha iko namna ya kusahauliwa ambayo ni mbaya kuliko kimya: kukumbukwa kwa kichekesho. Battling Siki alizaliwa Saint-Louis katika Senegal mwaka 1897. Alipigana vita kuu ya kwanza katika jeshi la Ufaransa akapata nishani. Tarehe 24 Septemba 1922, mjini Paris, alimwangusha Georges Carpentier, kipenzi cha Wafaransa, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika ngumi. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika habari za mavazi yake, ulevi wake na wanyama aliotembea nao; yalimwita majina ya msituni, yeye aliyekulia katika miji. Aliuawa kwa risasi katika mitaa ya New York mwezi wa Desemba 1925, na mifupa yake haikurudishwa Senegal mpaka 1993. Kinachosimuliwa mara nyingi juu yake hata leo ni yale mavazi na wale wanyama. Mtu huyu hakufutwa. Aliandikwa juu yake maandishi mengine mpaka ya kwanza hayasomeki.

Sasa niliache jambo la sababu, nije kwenye swali lililo gumu zaidi. Mtu mwenye akili anaweza kusema hivi: kusahau ni maumbile. Kumbukumbu ya watu ni chungu kimoja, nacho hakijazwi mpaka kimwagwe. Ikiwa kila kizazi kingelazimika kubeba majina ya wote waliokuwa hodari kabla yake, mgongo ungevunjika. Tena wafu hawasikii. Langford akitajwa au asitajwe, kaburini mwake ni mamoja. Kwa hiyo huzuni hii ni ya bure, na afadhali wanafunzi wakashughulika na walio hai.

Hoja hii ina uzito, nami nakubali nusu yake. Sidai kwamba kila mpigana ngumi aliyekuwa hodari akumbukwe. Maelfu walipigana, wakapata chakula chao, wakarudi makwao, na usahaulifu umewafunika kwa upole kama unavyotufunika sisi sote. Hao hawana kesi. Lakini kumwaga chungu ni jambo moja, na kuchagua cha kumwaga kwa mkono wa mtu mwingine, huku ukidhani ni mkono wako, ni jambo lingine. Tunapomkumbuka Dempsey na kumsahau Wills, si sisi tuliochagua. Alichagua mwandalizi wa mapigano wa miaka ya 1920, akihesabu fedha na akiogopa ghasia. Sisi tumepokea hesabu yake na kuiita historia. Kama mwanafunzi angepewa kitabu cha fedha chenye kurasa zilizochanwa akatoa jumla yake kwa uaminifu, jumla ingekuwa sahihi, na bado ingekuwa ya uwongo.

Ama ile nusu ya pili, kwamba wafu hawasikii, huijibu vizuri kuliko mimi Langford mwenyewe, ingawa jibu lake kwanza huonekana kuwa dhidi yangu. Mwaka 1944 mwandishi wa gazeti la New York Herald Tribune, Al Laney, alimtafuta katika mtaa wa Harlem. Watu kadha walimwambia kwamba Langford amekwisha kufa. Akamkuta katika chumba kidogo, kipofu kabisa, hana fedha. Laney aliandika habari zake, wasomaji wakaguswa, zikachangwa dola 10,000 hivi za kumtunza. Na wale waliotarajia kusikia malalamiko hawakuyasikia. Mzee alisema kwamba hakuna haja ya mtu kumsikitikia. Ameizunguka dunia, amepigana mapigano mengi, na kila moja lilikuwa furaha kwake.

Je, aliyedhulumiwa akisema ameridhika, deni limefutika? Waungwana wengi wangejibu ndiyo, maana haki ni yake na yeye ndiye mwenye kusamehe. Mimi nadhani hapa tunachanganya madeni mawili. Liko lile alilodaiwa Johnson, na Dempsey, na wenye kumbi na magazeti: nafasi moja ya kusimama ulingoni. Hilo Langford aliweza kulisamehe, na inaonekana alilisamehe kwa moyo mkubwa ambao wachache wanao. Liko la pili, ambalo si lake hata alisamehe. Ni deni la jambo lililotokea kwa wale wanaosema wanalijua. Mtu asemaye kwamba anajua nani walikuwa hodari katika mwanzo wa karne ya 20, naye hajui jina la Langford, hamdhulumu Langford kitu. Anasema neno lisilo kweli. Na neno lisilo kweli halisameheki na yule ambaye limemsahau, kama vile hesabu mbaya haisahihishwi kwa mkopeshaji kuwa mkarimu.

Mwaka 1955 Langford aliingizwa katika baraza la mashujaa wa ngumi lililoanzishwa na jarida la The Ring, akiwa wa kwanza kuingia humo bila ya kuwahi kuwa bingwa wa dunia. Alifariki mwezi wa Januari 1956 katika Cambridge, Massachusetts. Walioiweka heshima hiyo walifanya jambo zuri, na tena walifanya jambo la hatari kwa methali zetu: walikiri kwa maandishi kwamba chanda kilikuwa chema na pete haikuwako.

Mtu asidhani kuwa mambo haya ni ya ng'ambo tu. Katika Afrika ya Mashariki tunao wetu, ingawa sababu zao ni nyingine na hazina ukatili ule. Titus Simba wa Tanzania alileta nishani ya fedha kutoka michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Aliyemshinda katika fainali ya uzito wa kati, John Conteh, baadaye alikuwa bingwa wa dunia, na vitabu vinamjua. Mtu wa ngumi wa Uganda wa miaka ya 1950 ambaye kila mtu duniani anamtambua ni Idi Amin, na hatambuliwi kwa ngumi. Hivyo ndivyo kumbukumbu inavyotenda kazi ikiachiwa njia yake.

Na yuko Philip Waruinge wa Kenya. Katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alipata nishani ya shaba katika uzito wa unyoya. Katika michezo hiyo hiyo kijana wa Kimarekani aitwaye George Foreman alipata dhahabu ya uzito wa juu, na jina lake likaenda mpaka katika majiko na maduka ya dunia. Miaka minne baadaye, mjini Munich, Waruinge alipata fedha. Kisha akaenda Japani kupigana kwa malipo, akajulikana kwa jina la Waruinge Nakayama, na ubingwa wa dunia hakuupata. Akiulizwa mwanafunzi wa leo ni nani aliyekuwa mpigana ngumi bora wa Mexico, nadhani hatasita kumtaja Foreman, na atatoa dhahabu kuwa ushahidi. Lakini iko tuzo moja, iitwayo Val Barker, ambayo katika michezo ya Olimpiki ilikuwa ikipewa mpiganaji aliyeonyesha ufundi kuliko wote, wa uzito wowote na wa nishani yoyote. Waamuzi wa mwaka 1968 walikuwa wamewaona wote kwa macho yao. Hawakumpa Foreman, wala yeyote kati ya wenye dhahabu. Walimpa mtu wa shaba.